Saba Iko Sawa

Kuna mtu aliyeniagiza kwamba siku nikiandika haya nianze na simu, nisianze na porojo zangu. Haya basi, simu.

Ililia Jumapili saa nne asubuhi, mimi nikiwa nyumbani kwangu Shieywe. Hilo la kuwa nyumbani lisiwashangaze. Mimi ni mtu wa nyumbani kama kabati. Mama Ayuma, mke wangu, alikuwa amekwenda kanisani akaniachia sufuria ya ingokho niichunge isishike chini, na hiyo ndiyo ibada niliyoiweza wiki hiyo. Aliyepiga alikuwa Metrine, nesi wa wadi ya akina mama katika hospitali ambako mimi nilikuwa mtunza seva.

"Baba Ayuma, habari za huko?"

"Huku kuzuri. Kuku anachemka, umekosekana wewe tu."

"Wacha mchezo. Stima ilipotea kidogo ikarudi, na sasa kuna wagonjwa siwaoni kwa kompyuta."

"Wote?"

"Si wote. Wengine wako, wengine hawako."

"Basi wamepona wakaenda nyumbani."

Hakucheka. Nikasikia mtu akikohoa karibu naye. Nikavuta laptopu nikaiweka mapajani, nikaingia kwenye seva hapo hapo kitini, nikaangalia diski namba saba, ambayo ndiyo iliyobeba faili za wagonjwa. Ilikuwa imeamka, inafanya kazi, haina hata alama moja nyekundu.

"Saba iko sawa," nikamwambia.

"Una uhakika? Niko na mama hapa, anasema alitibiwa kwetu juzi juzi na sioni—"

"Metrine, watu wanachanganyanga hospitali. Alienda kwingine huyo. Saba iko sawa."

"Haya, Baba Ayuma. Asante."

Nikarudi kwa kuku. Hayo yote hayakufika dakika tatu. Mama aliyekuwa akikohoa alikuwa Rosebela, mkulima wa Malinya, aliyeletwa na mguu uliovimba. Alikufa kabla ya saa saba mchana. Hakuuawa na mguu.

Sasa nyinyi mnaoingia kazi hii na laptopu zenu nyembamba kama chapati, kaeni niwaeleze namna mtu anavyoweza kuua akiwa ameketi kwake na mwiko mkononi. Nitazungukazunguka kidogo. Nikinyoosha moja kwa moja nitashindwa kufika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja wa Mumias, Bi Khadija, mkuu wa kwanza wa chumba chetu cha kompyuta. Mtu wa buibui na sauti ndogo. Kila asubuhi akifungua mlango alikuwa akiipa seva salamu: "Asalaam aleikum." Nikamuuliza siku moja kama huwa inaitikia.

"Inavuma," akasema. "Siku isipovuma nitajua kuna msiba."

Mimi nilikuja kwake na cheti cha kidato cha nne na miezi michache ya chuo cha kompyuta cha hapa mjini, chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu. Nilifikiri najua. Nilifikiri ukiiita diski "Maabara" basi hilo ndilo jina lake na kila kompyuta inalijua. Bi Khadija akanicheka polepole.

"Jina ni letu sisi watu," akasema. "Kompyuta ya wadini inataja jina mara moja tu, ikiwa inaunganishwa. Seva inaipa namba. Tangu hapo haishiki jina tena. Inashika namba ya diski, na ndani yake namba ya faili. Basi."

Sikuelewa mpaka nilipokumbuka kinu cha posho cha Navakholo, nilikokulia. Siku ya soko watu walijaa, na mwenye kinu hakuwa na wakati wa sura zenu. Ukiacha gunia lako la mahindi unapewa kipande cha bati chenye namba, na gunia linafungiwa namba ile ile. Ukirudi haulizwi wewe ni mtoto wa nani. Unaonyesha bati. Ukionyesha saba, unapewa saba. Ikitokea kwa bahati mbaya kuna saba mbili, utabeba unga wa mwenzako mpaka nyumbani, upike, ule, na pengine uusifu. Mfano huu wa kinu nimeutumia kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi nami, mpaka manesi wakawa wakiniona kwenye korido wanajifanya wana haraka.

Na mjue hili pia: usipoipa diski namba kwa mkono wako, seva inaweza kujipangia yenyewe kufuatana na nani aliamka kwanza. Leo diski ya maabara inaamka ya tatu. Stima ikipotea, kesho inaamka ya nne. Tulikuwa na asubuhi kama hiyo. Kompyuta zote za maabara zilikuja na bati la jana, na kila moja ikaandika kwa Kizungu kwamba faili iliyoshikwa imechacha. Ndiyo, imechacha, kama obusuma, ugali wetu, wa juzi. Siku hiyo ndiyo Bi Khadija aliamua kuandika namba zote kwa mkono, na akanunua kaunta buku, daftari nene la jalada gumu.

Kosa langu la kwanza katika kaunta buku hiyo lilikuwa sifuri. Sifuri si namba ya kuchezea. Kwa seva yetu ilikuwa kama lango la boma zima: mwenye kuingia bila kutaja chumba anaingizwa hapo. Mimi, kwa kuwa sifuri ilikuwa imekaa tu bila mwenyewe, niliipa diski ya jikoni. Saa mbili asubuhi wadi zote zikafungua kompyuta zao zikakuta orodha ya chakula cha wiki. Daktari mmoja akaja mlangoni akiwa na kipimo chake shingoni.

"Mgonjwa wangu wa kitanda cha nne amekuwa maharagwe," akasema. "Nimruhusu aende?"

Tulicheka mpaka Bi Khadija akafunika uso kwa mtandio. Halafu akafungua kaunta buku akaandika jina langu, siku, na kosa, kwa mwandiko mzuri kabisa, akanipa nisome. Hakuna aliyeumia. Nawaambia hivyo ili mjue kwamba kosa moja linaweza kukupa kicheko leo na kukupa kaburi siku nyingine, na makosa hayo mawili hayatofautiani hata kidogo yakiwa yanafanyika.

Kaunta buku ilikuwa na sheria moja kuu. Diski ikifa, Bi Khadija alipiga mstari mwekundu juu ya namba yake, akaandika pembeni "marehemu" na sababu ya kifo. Namba hiyo haikutumika tena. Mpya ilipata namba mpya. Mimi hilo lilinisumbua. Kwetu sisi Waluhya mtu akifa jina lake halitupwi. Mtoto akizaliwa analia, anakataa kunyonya, wazee wanataja marehemu mmoja mmoja, na likifika jina la yule anayemtaka, ananyamaza. Anachukua jina, na yule aliyeondoka anakuwa kama amerudi mezani.

"Bi Khadija," nikamwambia, "kwetu namba hii ingepata mrithi."

"Hata mimi nina jina la bibi yangu," akasema. "Lakini nilipokua nilijua mimi si yeye, na watu walijua. Kompyuta haijui. Ukiipa diski mpya namba ya iliyokufa, itaendelea na mazungumzo ya jana kama hapakuwa na msiba. Na huko kwenu, mnampa mtoto jina la mtu aliye hai?"

"La. Hilo haliguswi."

"Mna hakika gani kwamba amekufa?"

"Si tumemzika?"

"Haya," akasema. "Diski haizikwi. Inawekwa kwa droo."

Akastaafu, akarudi kwao Mumias, akaniachia ufunguo, seva na kaunta buku. Salamu za asubuhi sikuziendeleza.

Miaka kadhaa baadaye, diski saba ikaanza kusaga. Wenye masikio watanielewa: ni sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Nikaleta diski mpya, nikanakili kila kitu, nakala kamili mpaka nukta. Nakala ya namna hiyo haileti faili tu. Inaleta na namba za faili ndani yake, vile vile zilivyokuwa, kama pacha aliyezaliwa na kovu la mwenzake.

Kwa mujibu wa kaunta buku diski mpya ingekuwa kumi na tisa. Halafu ningepaswa kuzunguka wadi zote, kompyuta baada ya kompyuta, kuachisha saba na kuunganisha kumi na tisa, huku kila nesi akiniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kuamsha wagonjwa. Nimeshawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Mahali wengine wanaona korido, mimi naona safari. Nikaipa diski mpya namba saba.

Fundi mwenzangu Dishon, mtu mzima mwenye watoto wake watano, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na kitabu?" akauliza.

"Kitabu kinasema marehemu asirithiwe. Mimi ni Mluhya."

"Ukiona kitabu kinakukataza kazi ya kutembea, unakuwa Mluhya sana."

Tukacheka. Na mtoto, niwaambie, alipopata jina alinyamaza papo hapo. Kompyuta zote zikaendelea kama hakuna kilichotokea. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyepiga simu. Mkuu wa hospitali alinipongeza kwa kufanya kazi kubwa bila kusumbua mtu. Saa sita nilikuwa nyumbani nimevua viatu.

Diski ya zamani niliitia kwenye droo bila kuiandika kitu. Na katika ile orodha ambayo seva huisoma ikiamka, ili ijue igawe diski gani kwa namba gani, niliongeza mstari wa diski mpya chini. Mstari wa ile ya zamani niliuacha juu. Diski yenyewe haipo, nikajiambia, mstari wake utamdhuru nani? Nitaufuta kesho. Na kwenye kaunta buku sikupiga mstari mwekundu, kwa sababu ningeandika nini? Saba alikuwa hai. Saba alikuwa amerithiwa.

Zikapita wiki tatu.

Katika hizo wiki tatu, Rosebela alikuja hospitali, na haikuwa mara yake ya kwanza kwetu. Jembe lilikuwa limemkata mguuni. Akachomwa sindano ya penisilini na mwili wake ukaikataa: uso ukavimba, pumzi ikafunga, wakamrudisha kwa shida. Alipopata nguvu, daktari aliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili yake, kwa herufi kubwa, ASIPEWE PENISILINI. Akamwambia, "Mama, tumeshaandika kwa kompyuta. Hata ukija usingizini, hutapewa tena." Hospitali yetu ilikuwa imeacha kadi za karatasi mwaka huo, na mimi ndiye niliyezunguka nikijigamba kwamba karatasi inalowa mvua, seva hailowi.

Sasa ile Jumamosi, siku moja kabla ya simu. Daktari mmoja alikuwa amefuta ripoti zake kwa makosa, akazitaka. Nikakumbuka diski ya zamani kwenye droo, ambayo ilikuwa na kila kitu kama kilivyokuwa siku ya kunakili. Mimi niko nyumbani. Nikampigia Dishon.

"Ichomeke tu kwa seva, niiangalie nikiwa hapa. Ikikubali kuamka."

"Si ulisema imekufa?"

"Tujaribu."

Ikaamka. Ilisaga kidogo ikatulia. Nikatoa ripoti za daktari, nikamtumia, akafurahi.

"Niichomoe?" Dishon akauliza.

"Wacha hapo. Nitakuja Jumatatu niiweke vizuri."

Nimejaribu kuhesabu mara ngapi nimesema sentensi hiyo peke yangu jikoni. Mama Ayuma siku hizi akinisikia anaongeza sauti ya redio.

Jumapili asubuhi stima ikapotea muda mfupi, betri ya akiba ikashindwa kuibeba seva, ikazimika ikaamka. Ikasoma orodha kuanzia juu. Mstari wa kwanza wenye saba: diski ya zamani. Ipo? Ipo. Chukua bati. Ilipofika mstari wa chini, saba alikuwa ameshaitika. Kompyuta za wadi zikaja na namba zao zikahudumiwa vizuri kabisa, kutoka kwenye diski ya wiki tatu zilizopita. Hakuna kilichochacha, hakuna kilichoandikwa kwa nyekundu, maana huyu alikuwa ni yule yule kwa kila alama ambayo kompyuta inajua kuuliza. Wagonjwa wa zamani walionekana wakiwa na hali zao za zamani. Wapya hawakuonekana. Wachache, kama Rosebela aliyekuwa na faili ya tangu zamani, walionekana, ila kama walivyokuwa kabla.

Na mimi nilipoingia kutoka kitini kwangu niliuliza kama saba yuko. Yuko. Sikuuliza ni saba gani.

Yaliyotokea wadini niliyasikia kutoka kwa Metrine mwenyewe, mbele ya kamati iliyochunguza kifo hicho, na sijayasahau hata neno. Alimuuliza Rosebela vile anavyouliza kila mtu.

"Mama, kuna dawa inayokudhuru?"

"Iko. Sindano ile ya juzi. Ilinifunga pumzi hapa."

"Inaitwaje?"

"Mimi nitajuaje jina lake, mwanangu? Walisema wameandika hapo kwa kompyuta."

Metrine akaangalia. Faili ikafunguka, jina lake, kijiji chake, umri wake. Penye dawa zinazodhuru: hakuna. Ziara ya juzi: haipo.

"Mama, hapa hakuna kitu. Una hakika ilikuwa hospitali hii?"

"Hii hii. Kitanda kile pale dirishani."

Hapo ndipo alipochukua simu akanipigia. Nilipomaliza kumjibu alirudi akamwambia, "Mama, wenye kompyuta wanasema iko sawa."

"Basi kama iko sawa, mwanangu, sawa."

Daktari wa zamu akasoma kile kile, akaandika penisilini. Safari hii pumzi ilipofunga haikufunguka.

Nilifika hospitali saa nane, nikiwa nimekimbia kwa mara ya kwanza tangu shule. Nilifungua kabati la seva. Mahali ambapo palipaswa kuwaka taa moja ya kijani, ziliwaka mbili, sambamba, zikipepesa pamoja kama macho. Mtu yeyote angeziona. Mtoto wa chekechea angeziona. Mtu wa nyumbani peke yake ndiye asingeziona. Nikachomoa ile ya zamani, nikafuta mstari wake, nikaiamsha seva upya, na faili ya Rosebela ikafunguka na herufi zake kubwa, tulivu, kana kwamba zilikuwa hapo wakati wote. Na kweli zilikuwa hapo.

Mkuu wa hospitali aliniomba maelezo ya maandishi. Niliandika: hitilafu iliyosababishwa na kukatika kwa umeme. Someni vizuri sentensi hiyo, vijana, kwa sababu mtaiandika siku moja. Haina uongo. Stima ilikatika kweli. Kila neno limesimama mahali pake, na ndani yake hakuna mtu.

Lakini kamati ilitaka mtu. Ikampata Metrine. Mgonjwa alikuwa amemwambia kwa mdomo wake kwamba sindano inamdhuru, na bado akaidunga. Metrine akasema, "Niliuliza wa kompyuta." Wakanigeukia.

"Alikupigia?"

"Alinipigia. Alisema kuna wagonjwa hawaonekani."

"Alikutajia habari ya dawa?"

"Hakutaja."

Hapo pia hapana uongo. Hakutaja kwa sababu nilimkatiza. Metrine aliniangalia, akangoja niendelee. Mimi nikakaa. Ndicho kitu ninachokijua vizuri kuliko vyote. Wiki ile ile akapewa barua, akakusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akarudi Navakholo. Dishon alijua nusu, akaniachia nusu yangu. Mimi nikaendelea na kazi mpaka muda wangu ukaisha, nikiwa mtu mwangalifu kuliko wote mliowahi kuwaona.

Na huo uangalifu, chukueni, haukunisaidia lakini utawasaidia. Namba ya diski iliyotoka isirudi kamwe, hata kama inawalazimu kuzunguka wadi kumi. Mkitoa diski, futeni mstari wake siku hiyo hiyo, kabla ya chai. Diski ya droo iandikwe kwa kalamu nene ubavuni: ilitoka lini, kwa nini, isichomekwe. Na ndani ya kila diski wekeni faili ndogo yenye maneno mawili matatu ya kusema hii ni diski gani na iliingia lini, ili mtu akiuliza, isijibu "mimi ni saba," ijibu "mimi ni saba niliyeingia baada ya ile nyingine." Najua nyinyi sasa mnatumia vitambulisho virefu vya herufi na tarakimu ambavyo seva inasoma kutoka kwenye diski yenyewe, na mnaniambia, mzee, hivi haviwezi kufanana. Haviwezi, ni kweli. Ila mkitengeneza nakala kamili, inanakili na kitambulisho. Halafu mtakuwa na mapacha wawili wenye kipande kimoja, na mtaniambia ninyi wenyewe kama jina refu limewasaidia.

Tena, tembeeni. Nendeni mkaone taa.

Siku ya kukabidhi kazi nilimpa kaunta buku kijana aliyechukua nafasi yangu, mpole, wa kutoka mjini hapa hapa. Aliipitia ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye saba, niliyoipigia mstari mwekundu baada ya kifo cha Rosebela.

"Mzee, hii ilikufa? Nyingine zote zina mstari mwekundu na sababu. Hii ina mstari, haina sababu."

"Ilikufa."

"Niandike nini hapa?"

Nikasema nitamwambia baadaye. Yaani Jumatatu. Nikatoka nje nikasikia neno hilo kichwani, nikasimamisha boda boda. Kijana wa boda akauliza Shieywe, maana ananijua. Nikamwambia Malinya.

Mume wa Rosebela anaitwa Mzee Shivachi. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimlisha fahali wake wa kupiganisha, dume jeusi lenye shingo kama gogo. Hakuacha kumlisha.

"Mulembe."

"Mulembe. Wewe ni wa wapi?"

"Shieywe. Nilikuwa nafanya kazi hospitali. Ile."

Mkono wake ukasimama kwenye majani. Nikamwambia yote, kwa mfano wa kinu, kwa sababu sina mwingine. Alielewa haraka kuliko kamati.

"Kwa hivyo walisoma Rosebela wa zamani."

"Ndiyo."

"Yule ambaye sindano ilikuwa bado haijamuuma."

"Ndiyo, mzee."

Mjukuu wake wa kike akatokea pembeni ya nyumba na muhogo mkononi, akaniangalia. Mzee akamwita, "Rosebela, salimia mgeni." Akanisalimia, akakimbia.

"Huyo alizaliwa baada ya mazishi," akasema. "Alilia siku tatu. Tukataja wote. Tulipotaja nyanya yake akanyamaza." Akachukua majani mengine. "Namwita jina hilo mara mia kwa siku. Sijawahi, hata siku moja, kumchanganya na yule."

Nikaangalia pembe ya nyumba alikopotelea yule mtoto.

"Na yule nesi?" akauliza. "Miaka yote hii mimi namlaaninga yule nesi. Hata kanisani."

"Yeye aliuliza. Alinipigia simu mimi."

"Anajua ni wewe?"

"Anajua nilimwambia iko sawa. Kwamba ni mimi niliyeziacha mbili, hajui. Anafikiri pengine ni yeye hakuangalia vizuri."

Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Sikuona hasira, na ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Basi umekalia nini hapa?" akasema. "Nenda."

Kutoka Malinya hadi Navakholo ni safari, na vumbi la murram lilinifanya rangi moja na barabara. Metrine alikuwa uani, ameanika mahindi juu ya turubai, anayageuza kwa mguu. Amepungua. Alinitambua tangu nikiwa langoni, hakunikaribisha kiti. Nikazungumza nimesimama: droo, mstari ambao sikuufuta, taa mbili, sentensi yangu ya umeme. Yeye akaendelea kugeuza mahindi mpaka nikamaliza.

"Nilikupigia simu," akasema.

"Ulinipigia."

"Nikakuuliza kama una uhakika."

"Uliniuliza."

Aliingia ndani akakaa sana. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi na daftari la shule na kalamu, akanisukumia kifuani.

"Andika. Uwaandikie hao watoto wanaoingia kazi hiyo. Na usianze na kinu cha posho, wala Bi Khadija wako, nakujua." Akarudi kwenye turubai, akanipa mgongo. "Anza na simu."